Oili Nimemwaga Mwenyewe, Taa ya Spana Ni ya Nani?

Leo sitaongea kuhusu simu wala kompyuta, ingawa ukifika katikati utaona ni mambo yale yale. Leo naongea kuhusu taa. Taa ndogo yenye picha ya spana, inayokaa kwenye dashibodi ya pikipiki. Inawaka ukifikisha kilomita kadhaa tangu sevisi ya mwisho, kukukumbusha umwage oili. Wazo zuri kabisa, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni huu: umemwaga oili kwa mikono yako, umesafisha chujio la hewa, umekaza cheni, umeweka plagi mpya, halafu unawasha swichi na ile taa bado inakukodolea macho. Unatafuta kwenye kitabu namna ya kuizima, hamna. Unabonyeza vitufe vyote, wapi. Mpaka upeleke pikipiki kwa wakala aichomeke kwenye kompyuta yake.

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: aliyebadilisha oili ndiye mwenye haki ya kuizima taa. Programu yoyote inayomnyima haki hiyo ni programu mbovu, na walioiandika, yaani watu wa kazi yangu, wanajua kuwa ni mbovu.

Kwanza tufungue hiyo dashibodi tuone kilichomo, maana hapa ndipo watu wanapotishwa bure. Wengi wanadhani mle ndani ya injini kuna kipimo kinachoonja oili, kikiona imechoka kinatoa taarifa. Kwenye pikipiki hizi tunazozijua hakuna kitu kama hicho. Kuna kaunta tu. Dashibodi inajua mita ya kilomita inasoma ngapi, na mahali fulani kwenye kumbukumbu yake imeandikwa mita ilisoma ngapi siku ya sevisi iliyopita. Inatoa moja kwa nyingine. Ukiiandika kwa Kiswahili cha programu, ni hivi:

kama (mita - sevisi_ya_mwisho >= muda_wa_sevisi)
    washa(taa_ya_spana);

Basi. Hiyo ndiyo "teknolojia" yenyewe. Na kuizima ni hivi:

sevisi_ya_mwisho = mita;

Mstari mmoja! Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anauandika kabla chai haijapoa. Kwa hiyo kampuni ikikuambia kwamba kuizima hiyo taa kunahitaji "mtaalamu aliyehitimu na vifaa maalum", elewa kwamba ugumu haukutoka kwenye injini wala kwenye oili. Kuna mtu alikaa kwenye kiti, akaandika ule mstari mmoja, halafu akaandika mistari mingine mia ya kuuficha.

Na hawafichi kwa bahati mbaya. Kwenye mashine nyingi za kisasa, kifaa kinachotaka kubadilisha kitu ndani ya kompyuta ya chombo hubisha hodi kwanza. Kompyuta inatoa namba ya kubahatisha, na kifaa lazima kijibu kwa namba nyingine iliyokokotolewa kwa kanuni ya siri. Ukijibu vibaya mlango unabaki umefungwa. Utaratibu huu una kiwango chake cha kimataifa na una sababu nzuri pale unapolinda, tuseme, breki za ABS au mfumo wa kuzuia wizi. Lakini kuuweka mbele ya kaunta ya oili ni kama kuajiri askari wa benki alinde mtungi wa maji.

Huko Ulaya, pikipiki za kiwango cha Euro 5, kilichoanza mwaka 2020 kwa modeli mpya, zinakuja na plagi ya uchunguzi ya pini 6 iliyokubaliwa kimataifa, ISO 19689. Mtu akisikia hivyo anafurahi, anadhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Plagi imekuwa ya wote, lakini amri ya kurudisha kaunta ya sevisi imebaki ya kila kampuni kivyake, kwa sababu sheria zile zinahusu zaidi hitilafu zinazochafua hewa. Yaani umepewa mlango wa kiwango na ufunguo wa siri.

Usiniambie haiwezekani vinginevyo. Chukua skuta kama Yamaha NMAX au Honda PCX. Zina taa ya oili, na mwenye skuta anaizima mwenyewe kwa kushikilia kitufe, maelezo yamo kwenye kitabu chake. Hizo ni kampuni kubwa, zina mawakili, zina wahandisi, na hakuna dunia iliyopinduka. Sasa linganisha na BMW, ambao pikipiki zao kubwa hukumbusha sevisi kila kilomita 10,000 au kila mwaka, chochote kitakachotangulia. Hapo kitufe hakikusaidii kitu. Matokeo yake kikazaliwa kifaa kinachoitwa GS-911, kilichotengenezwa Afrika Kusini, ambacho kazi yake mojawapo inayopendwa sana ni kuzima kikumbusho hicho. Kinauzwa kwa mamia ya dola na wanaovuka Afrika kwa pikipiki wanakibeba kama wanavyobeba paspoti. KTM na Triumph nao wana hadithi kama hiyo, na huko watu wanakimbilia programu inayoitwa TuneECU. Hebu fikiria: soko zima la kimataifa limeota juu ya mstari mmoja wa programu uliofichwa. Nawavulia kofia waliotengeneza vifaa hivyo, lakini kuwepo kwao ni aibu kwa wale wengine.

Najua utakachosema. "Bwana, hizo ni pikipiki za wazungu wanaopita Marsabit na Moyale wakielekea Cape Town. Sisi tuna Boxer." Kweli, Boxer ya kabureta yenye mita ya mshale haina taa ya spana, na ndiyo maana fundi wa chini ya mti anaijua mpaka mfupa wa mwisho. Pikipiki za aina hiyo ndizo zilizojaza nchi tangu 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi 250cc. Ila angalia zinakotoka. India ilihamia kiwango cha BS-VI tarehe 1 Aprili 2020, na pikipiki mpya zinazouzwa huko sasa zina kompyuta ya injini na taa zake. Dashibodi za kidijitali zimeshaingia kwenye modeli za bei ya kati zinazoletwa huku. Kwenye pikipiki za umeme kama zile za Roam, Ampersand na Spiro tunazoziona Nairobi, karibu kila kitu ni programu, kuanzia betri hadi kiti kingekuwa na waya :-) Kinachowakera matajiri leo kitatukera sisi kesho, tofauti ni kwamba tajiri ana pesa ya GS-911.

Sasa chukua pikipiki ya namna hiyo uipeleke Eldas.

Kwa wasiopajua, Eldas iko Kaunti ya Wajir, kaskazini magharibi mwa mji wa Wajir wenyewe. Ni eneo bunge lililomegwa kutoka Wajir Magharibi kabla ya uchaguzi wa 2013. Ni nchi ya ngamia, mchanga na visima. Pikipiki pale si anasa. Inabeba maziwa, inabeba maji, inabeba mwalimu, inabeba chanjo, na usiku inabeba mama mwenye uchungu wa kujifungua pale gari la wagonjwa linapokuwa mbali. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2023 zilipokata barabara huko Wajir, Garissa na Mandera, kila mtu alijifunza upya maana ya neno "kukwama". Serikali imekuwa ikijenga barabara ya Isiolo hadi Mandera kupitia Wajir kwa fedha za Benki ya Dunia, mradi ulioidhinishwa 2020, na lami ikifika itasaidia wengi. Lakini lami haitaleta kompyuta ya wakala mpaka Eldas.

Kuna pikipiki moja pale ninayoifahamu, ya jamaa yangu anayesafirisha maziwa ya ngamia asubuhi na abiria mchana. Aliinunua Nairobi, dashibodi ya kidijitali, maridadi sana. Sevisi ya kwanza alifanyiwa huko huko na muuzaji, ya pili akaifanya mwenyewe kama alivyofanya kwa pikipiki zake zote za nyuma, na huyo jamaa anajua kufungua injini kuliko mimi ninavyojua kufungua soda. Siku chache baadaye spana ikawaka. Akapiga simu dukani. Akaambiwa, "Bosi wangu, hiyo ni kazi ya dakika mbili tu, ilete tuizime." Akajibu, "Walahi, ni dakika mbili na kilomita mia saba." Na hakutia chumvi. Kutoka Eldas uende Wajir, Wajir uende Garissa, Garissa uende Nairobi, ni zaidi ya kilomita 700 kwenda tu. Ukienda na kurudi, ukifika nyumbani oili uliyomwaga inakaribia kudai kubadilishwa tena!

Alipouliza kama kuna namna ya kuizima mwenyewe, akaambiwa ni "sera ya kampuni". Sera! Kwa ule mstari mmoja.

Basi alichofanya ni kuandika kilomita za kila sevisi kwa maka nyeusi chini ya kiti. Tarehe, kilomita, aina ya oili. Nataka uone jambo hapa. Hiyo maka chini ya kiti ni mfumo bora kuliko wa dashibodi. Unahifadhi historia yote, unasomeka bila kifaa, mwenye pikipiki anaweza kuuandika na mnunuzi anaweza kuuona. Kampuni yenye wahandisi wengi imeshindwa na kalamu ya duka la vitabu.

Tena hata kama ile taa ingezimika, namba yake yenyewe kwa Eldas ni ya kutilia shaka. Kaunta inahesabu kilomita, lakini injini haichoki kwa kilomita, inachoka kwa mizunguko, joto na vumbi. Tufanye hesabu kidogo. Tuseme unakwenda kwa lami kilomita 60 kwa saa, injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika. Kilomita moja inakuchukua dakika 1, hivyo mizunguko 5,000. Sasa ingia kwenye mchanga, gia ya kwanza, kilomita 15 kwa saa, injini ikilia kwa mizunguko ile ile 5,000. Kilomita moja inakuchukua dakika 4. Mizunguko 20,000! Dashibodi imehesabu kilomita moja katika safari zote mbili. Ongeza abiria wawili, madumu ya maziwa na jua la saa saba, halafu upepo haupozi injini kwa sababu huendi kasi. Na bado sijagusa chujio la hewa, ambalo vumbi la huko linaweza kuliziba muda mrefu kabla kaunta haijafika popote.

Vitabu vingi vya pikipiki vinakubali jambo hili, utaona vimeandika kwamba ukiendesha kwenye vumbi au mazingira magumu ufanye sevisi mapema zaidi. Sawa. Kwa hiyo kitabu kinamwambia mtu wa Eldas amwage oili mapema, anamwaga mapema kama alivyoambiwa, halafu dashibodi haina njia ya kuambiwa kwamba amemwaga. Inaendelea kuhesabu kutoka sevisi ya zamani na kuwaka siku ambayo oili ina wiki moja. Kitabu na dashibodi vya kampuni moja havisalimiani.

Watu walikuwa wanatunza pikipiki vizuri sana bila taa yoyote. Riders for Health ni shirika lililotokana na ziara ya mwishoni mwa miaka ya 1980 nchini Somalia, jirani zetu hapa, ambako waanzilishi wake waliona pikipiki za wahudumu wa afya zimelala zikiota kutu, si kwa ajali bali kwa kukosa matengenezo madogo. Mmoja wao alikuwa Randy Mamola, yule mwendeshaji wa mbio za pikipiki wa Marekani. Dawa yao haikuwa kompyuta. Walimfundisha kila mwendeshaji akague mwenyewe kila siku: mafuta na vimiminika vingine, vya kulainishwa, vya kurekebishwa, nati na bolti, halafu breki. Mambo matano, kichwani mwa mwendeshaji. Walifanya kazi hivyo katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo. Mfumo mzima ulisimama juu ya wazo kwamba anayepanda pikipiki ndiye anayeijua hali yake. Taa ya spana iliyofungwa inasema kinyume: wewe unayepanda hujui lolote, subiri mwenye kompyuta.

Hebu sasa tuwasikilize wanaoitetea, maana sitaki kuambiwa nimepiga kelele peke yangu.

Wanasema ni usalama. Mtu akiruhusiwa kuizima taa, ataizima bila kubadilisha oili. Wapo watakaofanya hivyo, sibishi. Lakini angalia kinachotokea taa isipozimika. Nenda pale mafundi wanapokaa chini ya mti uone dawa yao: kipande cha mkanda mweusi juu ya dashibodi. Wengine wanachomoa waya kabisa. Na ule mkanda haufuniki spana peke yake, unafunika na taa ya hitilafu ya injini iliyokaa jirani yake, na kwa baadhi ya modeli taa ya oili yenyewe, ile nyekundu ambayo ikiwaka unatakiwa kuzima injini hapo hapo ulipo. Hata asiyeweka mkanda, macho yake yanazoea. Wiki ya kwanza anaiona, wiki ya tatu haioni tena. Taa inayowaka saa zote ni sawa na hakuna taa. Sisi waandika programu tunalijua hili vizuri: ujumbe wa onyo ukijitokeza kila dakika, mtumiaji anabonyeza "sawa" bila kusoma, na siku onyo ni la kweli anabonyeza "sawa" vile vile. Sasa weka hayo usiku, kati ya Eldas na Wajir, na yule mama mgonjwa nyuma ya kiti. Ukitaka usalama, mpe mtu taa anayoweza kuiamini.

Wanasema ni waranti. Hapa nina hasira kidogo. Mtu anayekaa kilomita 700 kutoka kwa wakala ana waranti ya karatasi tu. Na huko kwenye masoko makubwa mchezo huu umeshakemewa. Juni 2022, tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliichukulia hatua Harley-Davidson kwa sababu waranti yake ilikuwa inawaambia wateja kwamba itapotea wakitumia vipuri au mafundi wasio wa kampuni. Sheria ya Marekani ya 1975 kuhusu waranti haikubali hivyo, na kampuni ikatakiwa kuondoa masharti hayo na kuwaambia wateja wazi. Umoja wa Ulaya nao, kwenye kanuni yake ya 168 ya mwaka 2013 kuhusu pikipiki, una sura nzima inayowalazimisha watengenezaji kutoa taarifa za ukarabati na matengenezo kwa mafundi huru. Si zawadi, ni lazima.

Na hapa kwetu? Watu wanadhani hatuna kitu. Soma Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46. Inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, halafu inaongeza haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyonunua. Isome tena polepole. Taarifa za kuzima kikumbusho cha sevisi kwenye pikipiki yangu, niliyoilipa, ni taarifa za kuniwezesha kuifaidi kikamilifu, au siyo? Mimi si wakili. Lakini tuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 pia, na tuna Mamlaka ya Ushindani. Ningependa sana kumsikia wakili wa kampuni akisimama mbele ya hakimu wa Wajir kueleza kwamba kushikilia kitufe kwa sekunde tano ni siri ya biashara.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito: mnunuzi wa pikipiki kuukuu. Mtu anaweza kufuta taa, akakuuzia injini iliyokauka. Ni kweli, na wizi wa namna hiyo upo. Lakini kumbuka, kufungia taa hakumsaidii mnunuzi! Wakala akishaizima, na kaunta ikiandika juu ya namba ya zamani, historia imepotea vile vile. Kinachomsaidia mnunuzi ni kumbukumbu. Kila mara kaunta inaporudishwa sifuri, iandike mita ilisoma ngapi na nani aliizima, mwenyewe au wakala. Tuseme kila rekodi ni baiti 12. Rekodi 50 ni baiti 600. Hata chipu nyingi za bei ya chini zina nafasi hiyo. Zionekane kwenye dashibodi kwa yeyote mwenye ufunguo, na asiwepo wa kuzifuta, hata kampuni. Mnunuzi anakuja, anabonyeza, anaona: 1,040 wakala, 2,900 mwenyewe, 4,750 mwenyewe, 6,600 mwenyewe. Anaona mtu anayejali chombo chake. Au anaona 1,040 wakala halafu 19,000 mwenyewe, anaaga na kwenda zake. Ni ile maka chini ya kiti, iliyowekwa kwenye chipu.

Kwa nini hawafanyi hivyo? Kwa sababu taa iliyofungwa inaleta mteja dukani, na mteja akifika dukani ananunua na oili ya duka. Ni hivyo tu. Kama kuna sababu nyingine ya kiufundi, bado sijaisikia kwa mtu yeyote.

Na usifikiri huu mchezo unaishia kwenye taa. Mwaka 2023 kundi la wadukuzi wa Poland liitwalo Dragon Sector lilieleza walichokikuta ndani ya treni za kampuni ya Newag. Treni zilikuwa zinagoma kuwaka baada ya kukarabatiwa na karakana za washindani. Walipofungua programu, walisema, walikuta imeandikwa humo mahali zilipo karakana hizo, latitudo na longitudo, ili treni ikikaa pale siku kadhaa ijifunge. Kampuni ilikanusha kuhusika na mambo yakaenda mahakamani. Mimi nasoma hiyo habari nikifikiria pikipiki za mkopo zenye kifaa cha GPS chini ya kiti, na za umeme ambazo kompyuta yake inaweza kuongea na makao makuu wakati wowote. Siwatuhumu wanaozileta. Nasema uwezo upo tayari, na anayekubali leo kwamba taa ya oili si mali yake, kesho akiambiwa hata injini isiwake mpaka "sevisi rasmi" hatakuwa na pa kusimamia.

Neno kwa wenzangu wa kazi. Nairobi sasa ina vijana wengi wanaoandika programu za pikipiki, betri na vifaa vya kufuatilia, wengine tulisoma pamoja. Siku bosi atakapokuambia uweke kaunta ya sevisi na uifunge kwa neno la siri, muulize swali moja: je, mteja wetu wa mbali kuliko wote yuko wapi, na atafanyaje? Liandike kwenye mahitaji ya mradi. Mimi ningeandika hivi: kurudisha kaunta kufanyike kwa vitufe vilivyopo, bila intaneti, bila simu janja, pikipiki ikiwa imesimama; maelezo yawe kitabuni kwa Kiswahili; muda wa sevisi uweze kupunguzwa na mwenye chombo, usiweze kuongezwa kupita ule wa kampuni. Hiyo ya mwisho naiona ya haki kwa pande zote. Mtu wa vumbi aweke 1,500 akitaka, lakini asiweke 15,000.

Na wewe unayejifanyia sevisi, usichanganye taa. Spana ni ukumbusho, ukishafanya kazi una haki ya kuizima. Ile yenye umbo la injini ni hitilafu, usiizime kabla hujajua chanzo chake. Ile nyekundu ya oili siyo ya kujadiliana nayo kabisa. Kama kitabu chako kina njia ya kuizima spana, kwa kawaida ni kushikilia kitufe cha dashibodi huku ukiwasha swichi, au kushikilia ukiwa kwenye ukurasa wa sevisi, na sekunde zake hutofautiana kwa modeli, kwa hiyo fuata kitabu cha modeli yako. Izime baada ya oili mpya kuingia, siyo kabla, na uandike kilomita mahali, hata kama taa imekubali.

Ukienda dukani kununua mpya yenye dashibodi ya kidijitali, kabla hujatoa hata shilingi, mwambie muuzaji awashe swichi na akuonyeshe kwa mikono yake namna mwenye pikipiki anavyorudisha kaunta ya sevisi. Siyo akueleze, akuonyeshe. Akisema "hiyo ni kazi yetu sisi, wewe utaleta tu", mwambie unakaa Eldas na umuulize atakuja lini.